Kutenga ili Kuona: Historia ya Zana Huria za Kuchunguza Mafaili ya Kutiliwa Shaka, 2005–2021

Utangulizi

Mtumishi wa ofisi anapopokea barua pepe yenye faili lililopewa jina la ankara, na mtumaji hamfahamu vizuri, mbele yake pana njia tatu. Anaweza kulifungua na kuomba salama. Anaweza kulifuta, na pengine kuifuta ankara ya kweli. Au anaweza kulipeleka kwa mtu mwingine alifungue kwa niaba yake. Njia ya tatu ndiyo inayoonekana kuwa ya busara, na ndiyo iliyozaa mada ya makala haya. Hata hivyo, inabeba swali ambalo aghalabu haliulizwi: huyo mtu mwingine ni nani, yuko wapi, na akishalifungua faili atalifanyia nini?

Jibu la kitaalamu ambalo limezoeleka tangu miaka ya 2000 ni kulifungua faili ndani ya mazingira tengwa, yaani ndani ya kompyuta pepe inayoishi katika kompyuta nyingine, ambamo programu hasidi huachwa itende itakavyo huku kila tendo lake likiandikwa. Kwa Kiingereza mazingira hayo huitwa kwa jina la kisanduku cha mchanga wanachochezea watoto. Istilahi hiyo nimeiacha, kwa kuwa msomaji wa Kiswahili hakuchezea kisanduku hicho utotoni mwake. Neno karantini nalo halitoshi. Karantini humtenga mgonjwa ili asiwaambukize wengine. Hapa mgonjwa hutengwa ili augue mbele ya macho yetu. Ndiyo maana nasema kutenga ili kuona.

Makala haya yanafuatilia historia ya zana huria za kazi hiyo, hususan Cuckoo Sandbox na zana zilizozaliwa kutokana nayo. Kwa zana huria namaanisha programu ambazo msimbo wake chanzo umewekwa wazi, na leseni yake inamruhusu yeyote kuutumia, kuubadilisha na kuusambaza. Hoja yangu ni kwamba thamani ya zana hizo haikutokana na kutolipiwa, wala haikutokana na ubora wa kiufundi uliozidi ule wa zana za kampuni. Thamani yake ilikuwa kumwezesha mwenye faili kubaki na faili lake. Hoja hiyo inanilazimu kujibu pingamizi moja zito: kwamba zana inayosomwa na kila mtu husomwa pia na adui.

Kabla ya 2010: kusoma na kutazama

Tarehe 2 Novemba 1988, Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, aliuachia mtandaoni mnyoo uliokuja kuitwa kwa jina lake. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba uliziingia kompyuta zipatazo 6,000. Kilichofuata ndicho kinachotuhusu. Wataalamu wa MIT na wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walikesha wakiufumua msimbo wa mnyoo huo kwa mkono, amri baada ya amri, hadi wakaelewa ulivyofanya kazi. Huo ulikuwa uchunguzi wa kusoma, yaani uchunguzi tuli: programu hulazwa mezani kama maiti, nayo haiendeshwi. Uliwezekana kwa sababu mnyoo ulikuwa mmoja na wasomaji hodari walikuwa wengi.

Hali hiyo haikudumu. Tayari mwaka 1987 virusi vya Cascade vilikuwa vimeonyesha hila ya kuusimba mwili wake, ili anayeutazama ukiwa umelala asione kitu cha maana. Hila hiyo ikaenea, na mafaili yakaongezeka kupita uwezo wa macho ya wanadamu. Lakini kila usimbaji wa namna hiyo una udhaifu mmoja: programu haiwezi kutenda ikiwa imefungwa. Sharti ijifungue kwanza. Anayeiendesha na kuitazama, basi, huona kile ambacho msomaji hakioni.

Ni vema nieleze mapema kwamba kutazama nako hakutoi uhakika. Fred Cohen, katika utafiti alioutoa mwaka 1984, alithibitisha kwamba hakuna programu inayoweza kuamua bila kukosea, kwa kila programu nyingine, kama ni kirusi au si kirusi. Na uthibitisho wake uligusa utambuzi kwa sura na utambuzi kwa tabia vilevile. Kwa hiyo historia ninayoisimulia si ya watu waliotafuta jibu la mwisho. Ni ya watu waliojua kwamba jibu hilo halipo, wakaamua kupata ushahidi wa kutosha kufanyia kazi.

Mwaka 2005 Ulrich Bayer aliandika tasnifu ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Vienna kuhusu zana aliyoiita TTAnalyze, iliyoendesha mafaili ya Windows ndani ya kompyuta ya kuigiza. Zana hiyo ilikua ikawa Anubis, huduma ya bure iliyopokea mafaili kupitia tovuti. Katika miaka hiyohiyo Carsten Willems, katika Chuo Kikuu cha Mannheim nchini Ujerumani, alibuni CWSandbox, ambayo baadaye iliuzwa na kampuni. Kazi hizi mbili zilikuwa miongoni mwa za kwanza kuifanya shughuli hii iende yenyewe bila mtu kukaa mbele ya kiwambo, na heshima zinazopewa ni za haki. Hata hivyo msimbo wake haukuwa wazi. Aliyekuwa na faili alilituma Vienna. Ripoti ilirudi, faili likabaki.

Kwa mtafiti wa virusi jambo hilo halikuwa na ubaya, kwani faili alilotuma halikuwa lake. Kwa ofisi ya mwanasheria, hospitali au chumba cha habari mambo ni tofauti. Faili la kutiliwa shaka huenda likawa hati halali yenye majina ya wateja, matokeo ya vipimo au jina la mtoa habari. Huduma za hadharani za namna hii, VirusTotal ikiwa mojawapo, hazifichi kwamba mafaili yaliyopakiwa hugawiwa wadau wengine. Kushirikiana huko ndiko kunakozipa uwezo. Hapa Afrika Mashariki suala hili sasa lina sura ya kisheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 zote zinaweka masharti ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi, na kupakia hati kwenye seva ya ng'ambo ili ichunguzwe ni kuisafirisha.

Matofali yaliyokuwapo

Zana huria ya kutenga mafaili isingeweza kujengwa kabla ya kuwapo kompyuta pepe huria. Fabrice Bellard wa Ufaransa alitoa QEMU mwaka 2003, na ndiyo iliyokuwa msingi wa TTAnalyze yenyewe. Mwaka 2007 ulikuwa wa baraka: toleo huria la VirtualBox lilitolewa mwezi Januari, na KVM ikaingizwa katika kiini cha Linux mwezi Februari. Pembeni yake zilikuwapo tayari au zilikuwa zikichipuka zana nyingine ndogo, kila moja na kazi yake: Volatility ya kusoma kumbukumbu za kompyuta iliyoambukizwa, YARA ya kutambua mafaili kwa saini, na INetSim, iliyoandikwa na Thomas Hungenberg na Matthias Eckert, ya kuigiza huduma za intaneti ili programu hasidi idhani iko mtandaoni. Hiyo ya mwisho tutairudia. Lenny Zeltser naye mwaka 2010 alizikusanya nyingi za aina hii katika mfumo mmoja wa Linux aliouita REMnux.

Matofali, basi, yalikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kuyapanga ukuta.

Cuckoo

Mwaka 2010 kijana Mwitaliano, Claudio Guarnieri, alianza kuandika Cuckoo Sandbox chini ya The Honeynet Project, jumuiya ya kimataifa ya watafiti wa mashambulizi, kwa ufadhili wa programu ya Google iliyokuwa ikiwalipa wanafunzi kuandika programu huria wakati wa likizo. Toleo la kwanza la majaribio lilitoka mwezi Februari 2011. Mwaka uleule mradi ulifadhiliwa tena. Dario Fernandes akajiunga, kisha Alessandro Tanasi, na mwaka 2012 Jurriaan Bremer wa Uholanzi, ambaye aliiandika upya sehemu inayofanya kazi ndani ya Windows.

Utendaji wake unastahili kuelezwa kwa kirefu kidogo, kwa sababu mijadala yote iliyofuata inatokana nao. Kompyuta mwenyeji hutunza kompyuta pepe moja au kadhaa, kila moja ikiwa imehifadhiwa katika hali safi. Faili linapowasilishwa, kompyuta pepe hurudishwa katika hali hiyo safi, kisha faili huingizwa na wakala mdogo anayesubiri ndani. Linapoanza kuendeshwa, maktaba ya uangalizi hupachikwa ndani ya mchakato wenyewe wa faili na kutega ndoano kwenye miito ambayo programu yoyote ya Windows hulazimika kuipiga inapotaka kuandika faili, kubadilisha mipangilio, au kuzungumza na mtandao. Kila mwito unaopita kwenye ndoano huandikwa. Wakati huohuo picha za kiwambo hupigwa, mazungumzo ya mtandao hurekodiwa kutoka nje, na mafaili mapya yanayozaliwa huhifadhiwa. Muda wa kawaida uliowekwa ni sekunde 120. Baada ya hapo kompyuta pepe huzimwa na uovu wote uliotendeka ndani yake hufutika pamoja nayo, isipokuwa ripoti.

Cuckoo ni jina la Kiingereza la kekeo, ndege atagaye yai katika kiota cha ndege mwingine. Sina nia ya kueleza waasisi walifikiria nini walipolichagua, lakini linaafiki: zana hii nayo hutaga kitu chake ndani ya mchakato usio wake. Na kama ilivyo kwa kekeo, swali la siku zote ni kama mwenye kiota atalitambua yai la kigeni.

Mapokezi yalikuwa makubwa. Mwezi Machi 2012 mradi ulishinda duru ya kwanza ya mpango wa kampuni ya Rapid7 wa kusaidia miradi huria ya usalama. Mwezi Agosti 2013 uliwasilishwa katika mkutano wa Black Hat huko Las Vegas. Toleo la 1.0 lilitoka mwezi Januari 2014, na miezi miwili baadaye ukaundwa wakfu usio wa kibiashara wa kuusimamia. Waandishi walifungua pia Malwr, tovuti ya bure iliyoendesha Cuckoo kwa ajili ya wasio na uwezo wa kuisimika, ambako mpakiaji aliweza kuchagua faili lake lisigawiwe wengine. Chaguo hilo dogo linaonyesha kwamba walilielewa vyema suala la umiliki.

Kwa nini jambo hili lilikuwa na uzito, mwaka huo wa 2012 ulionyesha. Katika majira ya kuchipua wanaharakati wa Bahrain, baadhi yao wakiishi uhamishoni Uingereza na Marekani, walipokea barua pepe zilizodai kutoka kwa mwandishi wa habari, zikiwa na mafaili yaliyoonekana kama picha. Jina la faili lilikuwa limepachikwa alama isiyoonekana inayogeuza mwelekeo wa maandishi, kiasi kwamba programu ya kuendeshwa ilisomeka kama picha ya kawaida. Watafiti wa Citizen Lab, ya Chuo Kikuu cha Toronto, waliyapata mafaili hayo, na mwezi Julai wakachapisha matokeo. Faili halikusomeka kwa urahisi, kwa kuwa lilikuwa limesimbwa kwa ustadi. Lakini lilipoachwa liiambukize kompyuta na kumbukumbu za kompyuta hiyo kuchunguzwa, ndani yake yalikutwa maneno yenye jina "finspy". Ilikuwa FinFisher, bidhaa ya upelelezi iliyouzwa kwa serikali.

Mwezi uliofuata Guarnieri, ambaye wakati huo alifanya kazi Rapid7, aligundua kwamba seva zilizopokea taarifa kutoka kwa FinFisher zilikuwa na tabia ya ajabu: ukizipigia hodi kwa namna fulani zilijibu "Hallo Steffi". Kwa kuitafuta salamu hiyo mtandaoni alizibaini seva katika nchi kadhaa, Ethiopia ikiwamo. Ripoti ya Citizen Lab ya mwezi Machi 2013, aliyoiandika pamoja na wenzake, iliorodhesha nchi 25 na kueleza kwamba sampuli moja ilitumia picha za viongozi wa Ginbot 7, kundi la upinzani la Ethiopia, kama chambo.

Sidai kwamba Cuckoo ndiyo iliyoifichua FinFisher. Kazi hiyo ilifanywa kwa mikono na kwa akili za watu. Ninachodai ni kidogo zaidi. Mbinu iliyoifichua ilikuwa ileile, kutenga na kutazama, na mmoja wa walioiendeleza kazi hiyo alikuwa mtu yuleyule aliyetaka mbinu hiyo iwe mikononi mwa yeyote mwenye kompyuta moja ya kawaida. Mwanaharakati anayeshuku kwamba serikali inamwinda hawezi kulituma faili lake kwenye huduma ambayo wateja wake wengine hawajui. Iwapo aliyelitengeneza anaweza kuiona sampuli yake ikitokea hadharani, atajua kwamba amegunduliwa, na atajua hata saa yenyewe.

Pingamizi: adui naye anasoma

Pingamizi nililolitaja mwanzoni linasema hivi. Cuckoo ilipokuwa wazi, waandishi wa programu hasidi waliweza kuusoma msimbo wake na kujifunza jinsi ya kuitambua. Na kweli walifanya hivyo. Walitafuta wakala anayesubiri. Walichungulia kama mwanzo wa miito ya Windows umebadilishwa na ndoano. Waliangalia kama anwani ya kadi ya mtandao inaanza na tarakimu ambazo VirtualBox huzitoa kwa kawaida. Wengine walilala tu, wakijua kwamba mtazamaji ana dakika mbili. Cuckoo ikajifunza kuruka usingizi. Nao wakajifunza kulinganisha saa mbili. Wengine walingoja kipanya kisogee, kwa kuwa kompyuta isiyo na mtu haina mkono. Cuckoo ikawekewa kijiprogramu cha kusogeza kipanya na kubofya vitufe kama mtu. Faili lililogundua kwamba linatazamwa lilijifanya jema, na ripoti ikatoka safi.

Pamoja na hayo, pingamizi hili linachukulia kwamba usiri ungesaidia, na historia haionyeshi hivyo. Mwezi Novemba 2004, miaka sita kabla ya Cuckoo, Joanna Rutkowska alionyesha kwamba amri moja tu ya kichakato iliweza kuifichua kompyuta pepe ya VMware, bila kusoma msimbo wa mtu yeyote, kwa kuwa jedwali fulani la mfumo hukaa mahali tofauti ndani ya kompyuta ya aina hiyo. Huduma zilizofungwa nazo ziligunduliwa kwa urahisi wa kusikitisha. Watafiti wa Yokohama wakiongozwa na Katsunari Yoshioka walipakia mafaili ya chambo katika huduma za hadharani. Yakiendeshwa, mafaili hayo yalirudisha habari za kompyuta zilizoyafungua, kama vile anwani zake, na habari hizo zikatosha kwa faili lolote la baadaye kuitambua huduma hiyo na kuikwepa. Hapakuwa na msimbo wa kusoma. Mlango wa mbele ulitosha.

Kwa hakika tatizo liko ndani ya kutenga kwenyewe. Mahali palipotengwa hapafanani na mahali palipo wazi, na tofauti hiyo, iwe ndogo vipi, inaweza kupimwa. Faida ya zana huria ni kwamba aliyeisimika anaweza kuibadilisha: akaiondoa anwani ya kawaida, akaipa kompyuta pepe hati za kazi, historia ya kuvinjari na jina la mtumiaji anayeaminika, hadi isifanane na ya jirani yake. Huduma moja ikitambuliwa, imetambuliwa kwa wote wanaoitegemea. Kompyuta pepe elfu moja zilizopangwa kwa namna elfu moja ni kazi nyingine kabisa kwa adui. Nakiri kwamba wengi hawakuibadilisha. Waliisimika kama ilivyokuja wakalalamika kwamba haioni kitu.

Suala la mtandao ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Programu hasidi iliyotengwa bila intaneti mara nyingi haifanyi lolote, kwa kuwa inangoja maagizo kutoka mbali. Ukiipa intaneti ya kweli, inaweza kuwashambulia watu wengine kutoka maabara yako, na mwenye kuituma ataiona anwani yako. Njia ya kati ni uongo: INetSim na zana za aina yake hujibu kila swali. Programu ikiuliza kikoa fulani kiko wapi, huambiwa kipo. Ikiomba ukurasa, hupewa ukurasa. Uongo huu ulifanya kazi vizuri kwa miaka mingi, hadi baadhi ya programu hasidi, Necurs ikiwa mfano, zilipoanza kuuliza maswali ya mtego kwa kutaja vikoa vya kubahatisha visivyokuwapo. Vyote vikijibu, na vikijibu kutoka anwani moja, basi hapa si duniani.

Tarehe 12 Mei 2017 mtego wa aina hiyo ulimnasa aliyeutega. WannaCry ilikuwa ikienea kwa kasi, ikisimba mafaili na kudai fidia, na hospitali za Uingereza zilikuwa zikiwarudisha wagonjwa. Marcus Hutchins, mtafiti kijana wa Uingereza, aliiendesha sampuli katika mazingira yake ya uchunguzi akaona kwamba, kabla ya kufanya lolote, inauliza kikoa kimoja chenye jina refu lisilo na maana. Kikoa hicho hakikuwa na mwenyewe. Akakisajili kwa dola 10.69, kama alivyozoea kufanya ili kufuatilia uenezi. Kuanzia hapo kila nakala mpya ya WannaCry iliyouliza swali lake ilipata jibu, na iliyopata jibu ilijizima.

Maelezo aliyoyatoa Hutchins mwenyewe ni kwamba swali hilo lilikusudiwa kuwa kipimo cha mazingira tengwa: kikoa kisichokuwapo kikijibu, programu ijue inatazamwa. Wapo wanaoona kwamba ilikuwa swichi ya kuzimia iliyowekwa kwa makusudi, na sioni ushahidi unaofunga mjadala huo. Iwapo maelezo yake ni sahihi, kosa la mwandishi wa WannaCry lilikuwa kutumia jina moja lisilobadilika badala ya majina ya kubahatisha. Usajili mmoja ukaigeuza intaneti nzima, machoni pa programu hiyo, kuwa maabara. Kompyuta zilizokuwa zimekwisha kusimbwa hazikupona, lakini uenezi ulivunjika. Na ulivunjwa na mtu aliyekuwa na sampuli mkononi, katika mazingira yake mwenyewe, akiitazama inafanya nini.

Kutawika

Historia ya Cuckoo baada ya 2014 haina furaha hiyo. Programu huria hailipiwi na anayeitumia, ila muda wa anayeiandika hulipiwa na mtu fulani, na mtu huyo alikuwa akibadilika: ruzuku ya wanafunzi, kisha kampuni, kisha wakfu wenye kipato kidogo. Toleo la 2.0, lililoonekana kwa majaribio mwanzoni mwa 2016, lilikamilika mwezi Machi 2017. Katikati ya kungoja huko watumiaji wengi walihamia tawi lililotunzwa na Brad Spengler, lililoitwa cuckoo-modified, ambalo ndoano zake ziliendelea kurekebishwa dhidi ya hila mpya. Matawi mawili yakaachana kiasi cha kutoweza kuunganishwa tena. Nadhani hili lilikuwa hasara ya kweli: kwa miaka kadhaa watu wachache wenye ujuzi adimu walitatua matatizo yaleyale mara mbili.

Juu ya tawi hilo Kevin O'Reilly, akiwa katika kampuni ya Context Information Security ya Uingereza, alijenga CAPE mwaka 2016. CAPE ilibadilisha swali. Badala ya kuorodhesha tu matendo ya faili, ilingoja nukta ile ambapo faili linajifungua kumbukumbuni, ikalikamata likiwa wazi, na kutoa ndani yake mipangilio iliyofichwa: anwani za seva zinazotoa maagizo, funguo, majina ya kampeni. Ule udhaifu wa usimbaji niliousema, kwamba programu haiwezi kutenda ikiwa imefungwa, hapa ulitumiwa kikamilifu.

Pigo la mwisho kwa Cuckoo lilitoka mahali pasipohusiana na virusi. Ilikuwa imeandikwa kwa Python 2, lugha ambayo uungaji mkono wake ulikoma tarehe 1 Januari 2020. Kuihamishia Python 3 kulihitaji mikono ambayo haikuwapo, kwani baadhi ya waandishi wakuu walikuwa wamekwisha kuelekeza nguvu zao katika huduma ya kibiashara ya kampuni ya Hatching. Toleo la 2.0.7 la mwaka 2019 likawa la mwisho, na mwaka 2021 ghala la msimbo lilifungwa, lisomwe tu. Timu ya dharura za kompyuta ya Estonia ilibeba jukumu la kuendeleza Cuckoo3, iliyoandikwa upya. Wenzao wa Poland walishika njia nyingine kwa kujenga DRAKVUF Sandbox, inayotazama kutoka nje ya kompyuta pepe bila kupachika chochote ndani yake, juu ya kazi aliyoichapisha Tamas Lengyel mwaka 2014. Si ajabu kwamba taasisi za umma za nchi zisizo kubwa ndizo zilizojitokeza. Kwao kulituma kila faili la serikali kwa kampuni ya nchi nyingine si jambo dogo.

CAPE ilihamishiwa Python 3 kwa jina la CAPEv2, kazi ambayo Andriy Brukhovetskyy alitia mkono mkubwa, na ndiyo inayosimikwa na wengi wanaohitaji zana huria ya aina hii. Leseni ya GPL iliyochaguliwa na Guarnieri ndiyo iliyoyawezesha hayo yote bila kuhitaji ruhusa ya mtu aliyeondoka au kampuni iliyobadili nia. Atakayelifungua ghala la CAPEv2 ataona kwamba programu inayoiwasha bado ni faili linaloitwa cuckoo.py, na kwamba sehemu kubwa ya msimbo wake imo katika folda yenye jina lib/cuckoo.